Trekta la Mtumba na Haki ya Mnunuzi

Mwezi wa Mfungo Mosi tulialikwa Nairobi kusomesha darasa la wanawake katika mtaa wa Makina, Kibera. Mada ilikuwa haki za jirani. Darasa lilipokwisha, chai ikaletwa pamoja na gurusa zilizofunikwa kwa tabaga za rangi, kama ilivyo ada ya Wanubi, na mama mmoja akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia. "Sheikh," alisema, "sisi tunataka kununua trekta la mtumba. Tufundishe namna ya kulinunua tusidhulumiwe, wala tusiingie katika riba."

Tulitabasamu, na kutabasamu kwetu kulikuwa utovu wa adabu. Anayeijua Makina ajua kwamba vichochoro vyake havipitishi mkokoteni ila watu wajibanze ukutani. Trekta lingeegeshwa wapi? Lakini yule mama, ambaye wenziwe humwita Haboba, yaani bibi kwa lugha ya Kinubi, hakutabasamu. Alitoa daftari mkobani na kutuonyesha. Wao ni wanawake kumi na wanne, tisa wa Kibera na watano wa Kawangware. Wengine huuza nguo katika soko la Toi, wengine ni washonaji, na mmoja hukaanga samaki karibu na kituo cha 46 kule Kawangware. Kwa miaka mingi kila mmoja ametoa shilingi mia tano kwa wiki, na kwa fedha hizo wamenunua ekari tano upande wa Isinya, kaunti ya Kajiado. Wana hati ya ardhi. Wana shilingi laki tisa taslimu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia yapi ni ya haki na yapi si ya haki katika mauzo ya chuma kilichokwisha kutumika.

Tukakumbuka pia kwamba watu wa Kibera si wageni wa jembe. Jina lenyewe la mahali hapo latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza waliwekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na ardhi iliyotengwa mwaka 1918 ilikuwa ekari 4,197. Wazee wao walilima mahindi na kufuga ng'ombe mahali ambapo leo mabati yamegusana. Mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288, baada ya takriban miaka mia ya kudai. Basi bibi wa Kinubi anapotamani kuona udongo ukigeuzwa na plau, hatamani jambo geni. Tulimwomba radhi.

Swali letu la kwanza lilikuwa hili: je, mwalihitaji kweli? Ekari tano zikilimwa mara moja kwa plau na mara moja kwa haro, katika misimu miwili ya mvua, ni sawa na kulima ekari ishirini kwa mwaka. Wao walikuwa wakilipa shilingi 3,500 kwa ekari. Hiyo ni shilingi 70,000 kwa mwaka. Laki tisa zingetosha kukodi trekta la mwingine kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, bila ya kununua tairi, bila ya dereva, bila ya kuamka usiku kuwaza kama mashine imeibwa betri.

Haboba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hesabu ile walikwisha kuifanya, na kwamba imekosa kitu kimoja, nacho ni siku. Trekta la kukodi huanza kwa wenye mashamba makubwa, na wenye ekari tano hungoja. Isinya mvua ni chache na haingoji mtu. Misimu miwili mfululizo walipanda wakiwa wamechelewa, na mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa goti. Isitoshe, majirani zao wenye ekari mbili, tatu, nne, wana tatizo lilo hilo na wako tayari kulipa. Siku hizi zipo hata programu za simu, kama ile ya Hello Tractor, zinazomkutanisha mwenye trekta na mwenye shamba. Hoja yake ilitushinda, tukanyamaza. Kwa mtu mwenye ekari moja au mbili peke yake, rai yetu ingali ile ile: akodi.

Kabla ya kuwaeleza waliyotaka, ilitubidi tukiri jambo letu wenyewe, na hapa twalikiri tena mbele ya wasomaji. Miaka kadhaa nyuma tulikabidhiwa fedha za wakfu ili kununua trekta la shamba la madrasa kule Kwale. Muuzaji alikuwa mtu tunayesimama naye safu ya mbele. Trekta lilikuwa jekundu, limepakwa rangi mpya hadi kwenye nati. Tuliona haya kulikagua. Tuliona kwamba kukagua ni kumshuku ndugu. Siku ya pili ya kulima, mafuta ya injini yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi alipokwangua ile rangi nzuri ubavuni mwa injini alikuta ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma. Muuzaji alisema tuliliona kwa macho yetu na tukaridhia. Fedha za wakfu tulizilipa kutoka mfukoni mwetu, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka mitatu, na watoto wetu wa nyumbani wanajua ilikuwaje miaka ile.

Kosa lilikuwa la nani? Lake, kwa kuficha aibu ya mali. Na letu, kwa kudhani kwamba haya ni bora kuliko uangalifu katika mali ya amana. Wanawake wale kumi na wanne nao ni maamini wao kwa wao. Mwenye kwenda sokoni na fedha za wenziwe hana ruhusa ya kuona haya.

Sharia yetu haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Wasomaji wanaijua kadhia ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo na vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji alisema mvua imeinyeshea. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione. Zingatieni kwamba Mtume alitia mkono. Hakutosheka na kuutazama uso wa lundo. Trekta nalo lina uso, ambao ni rangi, na lina ndani yake.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wametaja hiari za mnunuzi, na tatu kati yake zilitufaa siku ile. Ya kwanza ni hiari ya kikao: maadamu wawili hawajaachana pale walipouziana, kila mmoja aweza kurudi nyuma. Ya pili ni hiari ya sharti, yaani kuafikiana kwamba mnunuzi, au wote wawili, wana muda wa kufikiri na kujaribu, usiozidi siku tatu. Asili yake ni sahaba aliyekuwa akipunjwa mara kwa mara katika biashara, akaelekezwa aseme wakati wa kununua kwamba hapana hadaa, na akapewa siku tatu. Ya tatu ni hiari ya aibu: ikidhihiri kasoro iliyokuwako kabla ya mauzo, yenye kupunguza thamani, na mnunuzi hakuijua, ana haki ya kurudisha mali na kuchukua fedha zake, kwa sharti afanye haraka na aache kuitumia.

Na lile neno maarufu la viwanja vya magari, kwamba kitu chauzwa kama kilivyo? Wengi wadhani neno hilo hufuta kila dhima. Sivyo. Muuzaji aliyeijua aibu akainyamazia hasafishwi na neno hilo, hata akilibandika ukutani kwa herufi kubwa.

Hayo ndiyo tuliyowafundisha wao. Wao nao, kwa siku kumi tulizobaki Nairobi, walitufundisha sisi mambo ya injini. Mmoja wao ana binti anayesomea ufundi wa magari katika chuo cha ufundi, msichana wa miaka ishirini na mmoja, mpole wa maneno, ambaye huweka tochi ndogo na kitambaa cheupe katika mkoba wake kama wenzake waekavyo wanja. Huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi.

Trekta la kwanza lilikuwa katika kiwanja cha kuuzia mashine pembezoni mwa jiji. Massey Ferguson 240, jekundu, linang'aa. Moyo wetu ulishtuka kwa kulikumbuka lile la Kwale. Aina hiyo yafaa kwa mashamba madogo. Ina injini ya Perkins ya silinda tatu, nguvu zake ni kama farasi hamsini hivi, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi katika barabara ya Kirinyaga kwa sababu imeenea nchini kwa miaka mingi. Hadi leo hutengenezwa Pakistan. Hili la mwisho si jambo dogo. Trekta zuri lisilo na vipuri ni sanamu.

Binti hakulitazama. Aliweka kiganja juu ya injini kwanza. "Ina joto," akasema. Muuzaji alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Binti akatueleza kwa sauti ya chini kwamba injini iliyochoka huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, na mwenye kuficha huipasha moto mapema. Alitaka tungoje ipoe. Katika kungoja akatuonyesha mengine: mita ya saa za kazi ilisoma 2,100, lakini mpira wa kanyagio la klachi ulikuwa mpya kabisa, na alipouvuta, chuma cha chini yake kilikuwa kimelika hadi kuinama. Saa 2,100 hazili chuma namna ile. Ama mita ilibadilishwa, ama ilikufa zamani ikafufuliwa.

Injini ilipopoa na kuwashwa, ilitoa moshi wa buluu usiokoma. Hapa tulijifunza elimu ya moshi. Mweusi ni dizeli isiyoungua sawasawa. Huenda ni nozeli au kichujio cha hewa, na matengenezo yake si makubwa sana. Mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi si kitu, lakini ukiendelea huenda maji yanaingia katika silinda. Wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, nao ndio wenye kula fedha, kwani maana yake mara nyingi ni pistoni na ringi zilizokwisha. Binti alifungua kifuniko cha kutilia mafuta injini ikiwa inanguruma, akaweka kitambaa chake juu. Kilirushwa na upepo wa moshi na kurudi na madoa.

Muuzaji hakupenda. Alisema trekta lauzwa kama lilivyo, bei ni shilingi 950,000, na kama fedha hazitoshi tulipe laki tano, salio kwa miezi kumi, bei iwe milioni moja na laki moja, na kila mwezi utakaochelewa uongezewe asilimia mbili. Alitaka pia arubuni ya laki moja papo hapo, isiyorudi tukighairi.

Tulisogea kando. Hapa wasomaji watulie kidogo, kwa kuwa maswali haya hutujia karibu kila wiki, yawe ya trekta, ya friji au ya pikipiki. Kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu kunajuzu, maadamu wawili wamekata bei moja kabla ya kuachana na haibadiliki tena. Haijuzu kuondoka na kitu huku bei mbili zikielea, usijue umenunua kwa ipi. Ile asilimia mbili ya kuchelewa ni riba, na kuiita faini hakuibadilishi. Na arubuni isiyorudi, ingawa wafuasi wa Imamu Ahmad wameiruhusu, kwa madhehebu yetu haisihi. Asiye na fedha zote zipo benki zenye kununua kitu kisha kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana. Gulf African Bank yafanya hivyo Kenya tangu 2008. Lakini aulize swali moja asione haya: je, benki imelimiliki trekta kwanza kabla ya kuniuzia, au imenipa fedha tu na karatasi yenye jina la Kiarabu?

Tuliondoka. Muuzaji alitufuata hadi langoni akipunguza bei kwa kila hatua, na hilo peke yake lilitosha kuwa jawabu.

La pili lilikuwa Kawangware kwenyewe, katika uwanja wa mafundi wa jua kali nyuma ya wachomeaji wa mageti. Ford 5000 ya buluu, kongwe, nzito, yenye nguvu ya kuupasua udongo mweusi wa Isinya ambao ukilowa hunasa kama gundi na ukikauka huwa kama tofali. Injini yake iliwaka baridi kwa mara ya kwanza. Mafuta yalikuwa safi. Binti alishika gurudumu la mbele na kulitikisa, akazungusha usukani kuona utaning'inia kiasi gani kabla magurudumu hayajaitika, akamwomba fundi ainue mikono ya nyuma ikiwa na plau na kuiacha juu robo saa. Haikushuka hata inchi. Akina mama walianza kuchekeana kwa furaha. Sisi pia.

Kisha Haboba akaomba kitabu cha usajili, logibuku, akavaa miwani. Jina lililoandikwa halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la mtu mwingine pamoja na taasisi ya mikopo. Muuzaji akasema ni mambo madogo, deni limebaki kidogo, fedha zetu ndizo zitakazolimaliza. Haboba aliirudisha karatasi kwa mikono miwili. Kuuza kitu usichokimiliki pasina idhini ya mwenyewe hakusihi, na kitu kilichowekwa rehani hakiuzwi ila kwa idhini ya mwenye rehani. Kwa upande wa serikali pia, umiliki hauhamishwi kwa NTSA mpaka mkopeshaji aridhie. Mwenye kukagua injini kabla ya karatasi hupoteza siku nzima, kama tulivyoipoteza sisi. Rafiki zetu wa Kawangware walikasirika sana. Mmoja alilia, kwa kuwa lilikuwa trekta zuri. Alihamisha sufuria zake za samaki mapema asubuhi ile ili apate nafasi ya kuja.

La tatu tuliletewa habari zake na shemeji wa mmoja wa akina mama. Lilikuwa kwa mzee mmoja upande wa Ngong, Mkristo, mstaafu, ambaye watoto wake hawataki tena kulima. Massey 240 jingine, la rangi iliyokwisha pauka, boneti imebonyea, taa moja hakuna. Mzee alitukaribisha viti chini ya mti, na kabla hatujaketi akaanza kutaja aibu zake. Mita imekufa miaka mingi, msiitegemee. Gurudumu la mbele la kushoto lina mchezo, vichaka vyake vimelika. Tairi moja ya nyuma ilichanika ikashonwa. Mikono ya kuinulia hushuka taratibu mafuta yakipata moto. Kisha akatoa daftari la shule, lenye jalada lililochakaa, ambamo alikuwa ameandika kwa mkono kila siku aliyobadilisha mafuta na kichujio.

Tulimtazama mzee yule, tukamkumbuka ndugu yetu wa safu ya mbele, na tuliona tahayuri ambayo si lazima tuieleze.

Binti alikagua vilevile, pasina kupunguza lolote, na mzee alifurahi kukaguliwa. Aibu alizozitaja zilikuwapo, na nyingine hakuiona, ila moja: kifuniko cha kukinga shafti ya nyuma, ile izungushayo mashine za kukatia nyasi na kupigia mahindi, kilikuwa hakipo. Mzee alisema kilivunjika, naye hakuona haja ya kukirudisha. Hapa twawaomba akina mama watusikilize zaidi ya popote katika makala haya. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika. Ikinasa ncha ya leso au ukingo wa buibui haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Kifuniko ni kipande cha bati au plastiki ambacho fundi yeyote wa Kawangware hukitengeneza kwa fedha kidogo, na trekta lisiingie shambani kabla ya kufungwa. Na anayekaribia mashine ajifunge nguo vizuri. Sitara inawezekana kwa vazi lisilopepea. Vivyo hivyo matrekta mengi ya zamani hayana ule upinde wa chuma nyuma ya dereva wa kumkinga likipinduka. Hilo la mzee halikuwa nao. Tuliandika gharama yake katika hesabu kama sehemu ya bei, si kama pambo la baadaye.

Bei ilikuwa shilingi 780,000. Tukamweleza mzee kuhusu hiari ya siku tatu: akina mama walichukue, walijaribu katika udongo wao, na wakiliona halifai walirudishe naye arudishe fedha. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo, lakini alikubali hata kabla hatujamaliza. "Hata ng'ombe nikimuuza," alisema, "humwacha mnunuzi amkamue kwanza." Mkataba uliandikwa nakala mbili, ukataja kila aibu kwa jina lake, na mashahidi wakatia saini. Tuliwakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani yahusu kuandika, na wao wakatukumbusha kwamba aya ile yahusu deni, nasi hatukuwa na deni. Tulicheka, safari hii kwa haki.

Siku ya kwanza Isinya lilikata mifereji vizuri asubuhi. Adhuhuri, udongo ulipokuwa mzito, injini iliunguruma lakini magurudumu yakawa yanasita, na harufu ya kuungua ikapanda. Klachi ilikuwa inateleza. Hiyo haikuwamo katika orodha ya mzee.

Palizuka ubishi. Wengine walisema ametudanganya kama wengine. Haboba akampigia simu. Alikuja siku ya pili asubuhi kwa matatu mbili, akapanda mwenyewe, akalima mistari minne, akashuka. Alisema miaka minne ya mwisho amekuwa akivuta trela la majani tu, na trela halikuwa zito kiasi cha kuidhihirisha klachi. Twamsadiki. Akawaambia wana hiari: walirudishe, au yeye apunguze fedha za sahani mpya ya klachi na ufundi wake.

Walituuliza. Tulisema muda wa hiari haujaisha, kwa hivyo yote mawili ni haki yao: kuvunja mauzo, au kukubaliana naye bei nyingine kwa ridhaa. Zaidi ya hapo hatukusema, kwa kuwa fedha si zetu. Walikaa chini ya kivuli cha trekta lenyewe kwa muda wa saa nzima. Yule wa samaki ndiye aliyeuliza jambo la maana kuliko yote: kama tukilirudisha, je, tunajua pengine mtu mwingine atakayekuja kwa matatu mbili kutusikiliza? Bei ikapunguzwa shilingi 45,000.

Limebaki jambo la jina. Mume wa mmoja wao alijitolea kwa moyo mwema kwamba logibuku iandikwe kwa jina lake ili mambo yawe mepesi. Tulilipinga mbele yake, naye hakukasirika, au hakuonyesha. Mtu hufa, na mali yake hurithiwa siku hiyo hiyo. Warithi wake hawatajua kuhusu daftari la Haboba. Chama chao kimesajiliwa kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 na kina namba yake ya kodi, basi trekta limeandikwa kwa jina la chama. Ilichukua siku nyingi zaidi. Kuhusu zaka, waliuliza, tukawajibu kwamba trekta ni chombo cha kazi na halina zaka. Zaka iko katika mahindi yakifika kiwango, na katika fedha wanazoweka zikitimiza mwaka.

Siku ya tatu, jioni, hiari ilipokwisha, mzee alipokea salio lake akalihesabu mara mbili kwa ombi la Haboba. Alipokuwa akiondoka alikumbuka lile daftari la shule, akalitoa katika koti na kumpa. Haboba alilifungua ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe ya siku ile chini ya mwandiko wa mzee, na mbele yake: mafuta mapya, kichujio kipya, klachi bado.